Mfuko Mbadala Haujamaliza Kazi

Tangu rambo, yaani mfuko wa plastiki, ipigwe marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, mnunuzi ameaminishwa kwamba akishika mfuko mbadala amekwisha kutimiza wajibu wake kwa mazingira. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Lakini ule mfuko laini unaofanana na kitambaa ni polipropilini, yaani plastiki tena, na Kenya ilitangaza kuuzuia nao mwaka 2019. Utafiti uliotolewa na Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2011 ulikadiria kuwa mfuko wa aina hiyo utumike mara 11 ndipo athari yake kwa tabianchi isizidi ya rambo iliyotumika mara moja. Wa pamba, mara 131. Anayenunua mpya kila aendapo sokoni anatoa pesa zaidi ili achafue zaidi.

Kwa hiyo, badala ya mfuko wenyewe, tuangalie vifungashio vilivyomo ndani yake. Duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani, bado linauza mafuta ya kula kwa kipimo, chupa akija nayo mteja. Mchele na maharage hutoka guniani hadi kwenye mizani. Ulaya maduka ya namna hii hufunguliwa kama ubunifu. Kwetu ni biashara ya wenye kipato kidogo, nayo inabanwa na pakiti ndogondogo za sabuni ya unga, viungo na majani ya chai. Chupa tupu ya maji huokotwa na waokota taka kwa kuwa ina mnunuzi. Pakiti haina, kwa sababu uzito wake haulipi.

Watetezi wa pakiti husema maskini hamudu kununua kingi, na hilo ni kweli, ila kupima nako huwezesha kuuza kidogo, bila kumtoza gharama ya kifungashio. Hoja ya usafi ni nzito zaidi: mafuta yaliyo wazi huingiwa na vumbi, na mizani huchezewa. Hapo dawa ni chombo chenye mfuniko na koki, na mkaguzi wa Wakala wa Vipimo anayefika hadi uchochoroni. Viwanda navyo vikilazimishwa hubadilika. Viroba, yaani pakiti ndogo za pombe, vilipozuiwa nchini Machi 2017, pombe kali ilihamia kwenye chupa. Njia moja ya kuvilazimisha ni ushuru wa pakiti ndogo, nao ungeanzia kwenye sabuni ya unga, ambayo haiozi na haihitaji chombo cha pekee, na mwenye duka anaweza kuipima kesho kwa mizani aliyo nayo.