Mpigaji Mmoja kwa Mikono Mingapi?

Ukishika barabara ya Anzac Parade kutoka Kensington, kilipo Chuo Kikuu cha New South Wales, kuelekea katikati ya jiji la Sydney, hutembei sana kabla ya kuufikia Uwanja wa Kriketi wa Sydney, ulioko Moore Park. Machi 22 na 23, 2014, uwanja huo ulitiwa kichuguu cha udongo cha kurushia mpira, na ligi kuu ya besiboli ya Marekani ikafungulia msimu wake hapo. Mbele ya watu zaidi ya 38,000 kila siku, Los Angeles Dodgers waliifunga Arizona Diamondbacks mara mbili, 3-1 na 7-5. Anayetaka kuielewa biashara ya wachezaji katika mchezo huu asihangaike na matokeo. Aitazame orodha ya Arizona, nani alikuwamo na nani alikosekana.

Aliyekuwamo ni Mark Trumbo, mpigaji aliyeuvusha mpira uzio mara 34 msimu wa 2013 akiwa na Los Angeles Angels. Desemba mwaka huo klabu tatu zilikubaliana. Trumbo akaenda Arizona. Arizona ikamtoa Tyler Skaggs, mrushaji wa miaka 22, aende Angels, na Adam Eaton, mkimbiaji mwepesi, aende Chicago White Sox. White Sox nao wakawapa Angels mrushaji Hector Santiago. Angels, basi, walitoa mpigaji mmoja aliyekomaa wakavuna mikono miwili michanga.

Shabiki wa soka atauliza hela ziko wapi. Simba ilipowaachia Clatous Chama na Luis Miquissone mwaka 2021, ililipwa. Kwenye besiboli watu hubadilishwa kwa watu, mkataba unahama ulivyo, na mara nyingi mchezaji haulizwi. Kinachopimwa hasa ni miaka iliyobaki. Anayepanda ligi kuu hubaki mikononi mwa klabu kwa misimu sita hivi: mitatu ya kwanza kwa mshahara ulio karibu na kima cha chini (dola 500,000 mwaka 2014, na hicho ndicho cha chini!), iliyobaki kwa mshahara unaopandishwa kwa usuluhishi, kisha yuko huru. Trumbo alishafika kwenye usuluhishi. Skaggs alikuwa na miaka yake karibu yote. Mrushaji bora aliyekwisha kukomaa anagharimu kiasi gani? Clayton Kershaw, aliyewarushia Dodgers mechi ya kwanza pale Sydney, alikuwa ametia saini Januari hiyo mkataba wa miaka saba wa dola milioni 215. Ndiyo maana klabu huwinda chipukizi, hata Uganda: mwaka 2022 Dodgers hao hao waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji.

Ila mkono wa mrushaji ni mali inayovunjika. Aliyekosekana Sydney ni Patrick Corbin, aliyepangwa kuifungulia Arizona msimu. Kano ya kiwiko chake ilichanika siku chache kabla ya mechi. Kershaw mwenyewe alirudi Marekani akiuguza msuli wa mgongo, hakurusha tena mpaka Mei. Agosti ikawa zamu ya Skaggs: alipasuliwa kiwiko na kuukosa msimu wote wa 2015. Upasuaji huo, ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, huchukua kano ya kwingine mwilini na kuipandikiza kiwikoni, na humweka mrushaji nje zaidi ya mwaka.

Arizona nayo haikufaidi. Trumbo aliumia mguu akaambulia mipira 14 nje ya uzio, na timu ikamaliza mkiani kabisa mwa ligi, ushindi 64 na vipigo 98. Alikuja kuongoza ligi nzima kwa mipira 47 mwaka 2016, lakini akiwa Baltimore.

Kwa macho yangu, walioisoma biashara hii vizuri kuliko wote ni White Sox, ambao hata Sydney hawakuwapo. (Walishacheza kwenye uwanja huo huo Januari 1914, katika ziara ya dunia.) Walimkuza Eaton kwa misimu mitatu, na Desemba 2016 wakamwachia Washington Nationals kwa warushaji watatu kwa mpigo: Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Hesabu ya watatu ndiyo yenye akili, maana ukinunua mkono mmoja umenunua kiwiko kimoja. Dunning alipasuliwa Machi 2019. Giolito, aliyekwisha kupasuliwa tangu 2012, alikuwa na msimu mbovu mno 2018, lakini Agosti 25, 2020 aliwarushia Pittsburgh mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo halali.

Washington hawakulia pia. Oktoba 2019 walitwaa ubingwa wa dunia, Eaton akiwa kikosini. Naye Dunning, alipopona, White Sox walimpeleka Texas Desemba 2020 wapate mrushaji mkongwe, Lance Lynn.