Cheti Kiko Wapi, Mwana wa Kasongo?

Mtu mzima aliyeasiliwa na sasa anataka kujua nani alimzaa, sheria ya Kongo haimfungii mlango. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamhesabu kuwa mtoto wa waliomwasili, ila undugu wake na ukoo wa asili haukatiki. Mahakama ndiyo inayoamua kuasili huko, na hukumu hunakiliwa kwenye madaftari ya eta-sivili, ofisi ya serikali inayoandikisha vizazi. Kwa maandishi, basi, njia ipo: nenda ofisi iliyoandika kuzaliwa kwako, omba nakala, usisahau kusoma pambizo, huenda hukumu imetajwa hapo.

Lakini huku Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ni wangapi waliopitia mahakamani? Mzazi akifa, mjomba au shangazi humchukua mtoto, wazee wakaketi, jambo likaisha bila kesi wala muhuri. Wengi hata kuzaliwa kwao hakukuandikwa. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha bure. Zikipita, ni hakimu tu anayeweza kutoa hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti. Mama wa kijiji cha ndani Kabambare, anayeikimbia bunduki leo na kurudi shambani kesho, siku hizo 90 atazipata wapi?

Kwa Mkatoliki karatasi ya kwanza huwa parokiani: daftari la ubatizo lina majina ya wazazi na ya msimamizi. Waislamu, ambao Kasongo ni wengi tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, hawana daftari hilo, ila Kurani katika sura ya Al-Ahzab inaamuru mtoto wa kulea aitwe kwa jina la baba yake mzazi. Nasaba hiyo hukaa vinywani mwa watu. Mimi ningeanza kwa bibi kabla ya karani, maana daftari laweza kungoja, bibi hangoji.

Kuna kundi moja lililofunguliwa mlango wa pekee: machotara waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu, ambao utawala wa Wabelgiji uliwanyang'anya mama zao na kuwapeleka misheni. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio juu yao 2018, waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi 4 Aprili 2019, na Nyaraka za Taifa mjini Brussels zikaanza kuwatafutia mafaili yao. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwateka wanawake watano wakiwa wadogo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Mafaili yao yapo kwa kuwa mkoloni aliandika alichopora.

Yatima wa vita vya 1996 na 1998 hana Brussels ya kuiandikia. Kwa hiyo, ndugu unayelea mtoto wa marehemu, mpeleke eta-sivili au kwa hakimu akaandikwe kwa majina ya waliomzaa, wakati mashahidi bado wako hai.