Mkanda wa Mbwa Uanze na Meseji

Wenzangu wa kompyuta, mkitaka kubuni programu ya simu kwa ajili ya mkanda janja wa mbwa, msianze na ramani ya kupendeza. Sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na mwanafunzi: anajua nini, ana nini mkononi. Hapa mwanafunzi ni mwenye mbwa.

Kwetu Kerege mbwa analinda nyumba usiku, mchana anazurura hadi barabara ya Bagamoyo. Wengi wanaomfuga wana kitochi, au simu janja isiyo na bando.

Kenya wameshapita njia hii. Save the Elephants walimvisha tembo Kimani, wa Ol Pejeta, mkanda wenye GPS na laini ya simu. Mpaka ulichorwa kwenye kompyuta. Kimani alipousogelea mashamba yalipo, askari walipata meseji, wakaenda kumrudisha. Hakuna haja ya kukodolea ramani kutwa.

Kwa mbwa iwe hivyo hivyo: akivuka mpaka wa mtaa, meseji iende. Akiwa amelala, GPS ipumzike, maana inakula chaji, na shingo ya mbwa haibebi betri ya tembo.

La muhimu zaidi ni tarehe ya chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo meseji moja ya kumkumbusha mwenye mbwa kuchanja kila mwaka inamlinda hadi mtoto wa jirani. Hiyo ndiyo muiandike kwanza.