Vitoto vya Buibui Koponi: Wazazi Tufanyeje?

Kuna swali ambalo linatufikia kutoka kwa akina mama wa Chake Chake. Kijana ameleta nyumbani kopo lenye buibui wadogo, anasema ni tarantula, anataka kuwafuga kama alivyoona kwenye simu, na mama hataki hata kukaribia chumba. Nani ana haki kati yao? Tumeona yafaa tulijibu kwa kirefu kidogo, maana ndani yake mna mambo ya afya yanayowazidi hao buibui wenyewe.

Kwanza tujue ni nani aliyemo koponi. Buibui mkubwa tunayemwona usiku ukutani, bapa, miguu imetandazwa kama ya kaa, anayetimua mbio taa ikiwashwa, si tarantula. Huyo ni mwindaji wa mende, na jike lake hubeba kifuko cha mayai chini ya tumbo kama kidonge kikubwa. Mwacheni. Mwenye kumfukuza huyo abaki na mende wake. Tarantula wa kweli ni mnene, ana nywele mwili mzima, meno yake yameelekea chini kama ncha ya sururu, na wengi wao hushinda shimoni au chini ya gogo, mahali walipopatandika hariri.

Afrika Mashariki tunao wetu. Anayejulikana zaidi duniani ni yule ambaye Mwingereza Reginald Pocock, wa makumbusho ya London, alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1897 kwa jina la Pterinochilus murinus. Wengine humwita buibui-nyani, kwa kuwa ncha ya mguu wake yafanana na kidole cha nyani. Wale wa rangi ya chungwa wanaofugwa Ulaya na Marekani hupewa jina la Usambara, milima ya Tanga, ng'ambo tu ya bahari yetu. Kijana anayeota utajiri wa kuwauza nje ajue kwamba mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama wangepewa miezi sita kuwatoa, na tangazo lenyewe likasimamishwa upesi. Huku kwetu iko pia Sheria ya misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996. Kabla ya kuchukua kiumbe chochote porini, na hasa katika msitu wa Ngezi, aende kwanza akaulize ofisi ya misitu.

Tuseme basi ameruhusiwa. Je, kazi yenyewe ikoje? Kwa kweli si ngumu, ila inataka subira. Kifuko kimoja cha mayai chaweza kutoa vitoto zaidi ya mia moja, kila kimoja kama punje ya mtama. Mwanzoni havili, huishi kwa akiba ya kiini cha yai. Vikishaanza kuwinda lazima vitenganishwe, kila kimoja katika kichupa chake, la sivyo vitakulana mpaka abaki mmoja aliyenenepa. Kichupa kitobolewe kwa sindano, matundu yawe membamba kuliko kichwa cha mtoto mwenyewe. Ndani atie udongo kidogo wenye unyevu upande mmoja na mkavu upande wa pili. Chupa ikitota maji huota ukungu, nacho kitoto hufa. Isiwekwe juani hata kwa dakika chache.

Chakula ni wadudu wadogo: nzi wa matunda, mchwa, kipande cha mguu wa panzi, mtoto wa mende. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Mabaki yatolewe siku ya pili, kwani huvuta sisimizi, na sisimizi wa Pemba wakiingia kichupani hakuna kitoto kitakachosalia.

Siku moja kijana atamkuta buibui wake amelala chali, miguu juu, kama maiti. Asimguse, wala asimtupe. Anajivua ngozi, na huo ndio wakati wake wa udhaifu kabisa. Hata mchwa aliye hai aweza kumjeruhi. Baada ya hapo huachwa siku kadhaa bila chakula mpaka meno yakauke na kuwa magumu. Aliyepoteza mguu huota mwingine kidogo kidogo kila ajivuapo. Dume hupevuka na kufa mapema, lakini jike aweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kijana wa kidato cha pili afikirie hilo: huenda akaoa na buibui bado yupo, na mke naye atakuwa na la kusema.

Sasa tufike penye uzito. Buibui hafi kwa njaa upesi, ila dawa ya mbu humwua mara moja. Tangu mwaka 2006 nyumba za Zanzibar zimekuwa zikipuliziwa dawa ukutani katika vita dhidi ya malaria, na nyingi ya dawa za vyandarua na za kuwasha ni za jamii iliyoigwa kutoka ua la pareto. Haziulizi huyu ni mbu au huyu ni buibui. Hatuwezi kukubali kijana afunge chumba siku ya kupuliza, au mtoto alale bila chandarua, ili kulinda vichupa. Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliowazika watoto kwa homa wanajua tunasema nini. Vichupa na vipelekwe kwa rafiki ambaye nyumba yake haipuliziwi siku hizo. Kama hakuna, basi ufugaji na uachwe.

La pili ni kuumwa. Tarantula wa Amerika hurusha nywele zinazowasha, na zikiingia jichoni huleta madhara makubwa. Wa Afrika hawana silaha hiyo. Wao huuma, na yule tuliyemtaja ni mkali na mwepesi mno. Kuumwa naye hakujulikani kuua mtu, lakini maumivu ni makali, mahali huvimba, na misuli yaweza kukakamaa na kurudia kwa siku nyingi. Kwa hiyo asishikwe kwa mkono kamwe, na vichupa vikae juu, mbali na wadogo zake.

Aliyeumwa aoshwe kwa sabuni, awekewe kitambaa cha maji baridi, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Msimchanje, msimfunge kamba, msimpake mafuta ya taa. Na lile jiwe jeusi la nyoka, ambalo hata baadhi ya misheni zetu zililigawa zamani, halinyonyi sumu. Mtoto mdogo, au mtu yeyote anayevimba uso, kupumua kwa shida au kukakamaa mwili, apelekwe hospitali ya Chake Chake bila kungoja asubuhi.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu huamka na malengelenge yanayochoma, na nyumba nzima husema, "Umekojolewa na buibui." Buibui hamkojolei mtu. Malengelenge ya mdomoni mara nyingi ni ya kirusi kinachorudi mwili ukichoka. Mstari mwekundu shingoni au usoni waweza kuwa wa yule mdudu mwembamba, mweusi na mwekundu, aitwaye nzi wa Nairobi, aliyepondwa juu ya ngozi. Dawa yake ya kwanza ni sabuni na maji. Lakini malengelenge yaliyojipanga kama mkanda, upande mmoja tu wa kifua, mgongo au uso, yenye maumivu yaliyotangulia hata upele, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Tunasikitika kuona watu wakimaliza wiki nzima wakipaka majivu na kufagia tandabui darini. Ukikaribia jicho, usingoje hata siku moja. Na kwa kuwa kwa mtu aliye bado kijana mkanda wa jeshi waweza kuwa dalili ya kinga iliyopungua, mhudumu atamshauri apime pia virusi vya UKIMWI. Kipimo ni siri ya mgonjwa na mhudumu, na dawa zipo.