Tunalipia maktaba, lakini getini tunaambiwa turudi

Jumamosi moja, baada ya kazi za jumuiya, nilioga, nikavaa shati safi na kupanda hadi kwenye chuo kimoja cha umma hapa Bujumbura. Shida yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka kuangalia kamusi na vitabu viwili vya sarufi ya Kiswahili ambavyo shuleni kwetu havipo. Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anasoma pale, alikuwa ameniambia kwamba vitabu hivyo vimo rafuni na kwamba ni nadra kuguswa.

Getini nilimkuta zamu, kama tunavyowaita walinzi hapa mjini. Akaomba kadi. Nikatoa karangamuntu yangu.

"Hii ni ya raia, Mwalimu," akasema. "Mimi naomba ya mwanafunzi."

"Sasa mimi si raia?"

"Ndiyo maana nimekujibu kwa heshima, Mwalimu."

Tulicheka wote wawili, kisha nikageuka na kushuka mlima. Sikumlaumu. Yeye ameajiriwa kutekeleza amri, na amri hiyo hakuitunga. Lakini njia nzima nilikuwa na swali moja kichwani: maktaba ile ni ya nani?

Ndugu msomaji, naomba nikurudishe nyuma kidogo. Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, Tanzania, na huko ndiko nilikosoma. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kwenye makazi bila kibali. Mwaka 1997, nikiwa kidato cha pili, nilipata kibali cha siku tatu, nikaenda Tabora mjini na kuingia katika maktaba ya mkoa. Mama aliyekuwa mezani aliandika jina langu kwenye daftari, akaniuliza ninasoma shule gani, kisha akanionyesha kiti. Hakuuliza baba yangu ni raia wa nchi gani.

Nilirejea Burundi mwaka 2009, katika msafara wa wakimbizi wa 1972 ambao zaidi ya 50,000 kati yao walirudi nyumbani miaka ile. Leo nina uraia, nina kazi na ninalipa kodi. Ajabu ni kwamba nilipokuwa mkimbizi niliingia maktaba, na nilipokuwa raia nikaishia getini.

Nani analipa?

Hoja ninayosikia mara kwa mara ni kwamba vitu vya chuo ni vya wanachuo. Tuitazame hoja hiyo kwa utulivu. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru. Tangu hapo elimu ya juu ya umma imebebwa na hazina ya taifa pamoja na wafadhili wanaotoa misaada kwa jina la Warundi wote. Tangu mwaka 2009 tunayo kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA, ya asilimia 18. Mama wa Buyenzi akinunua sabuni, kijana wa Kamenge akinunua kadi ya simu, fundi wa Kinama akinunua misumari, wote wanachangia. Hakuna dukani anayeulizwa kama ana kadi ya mwanafunzi kabla ya kukatwa kodi hiyo.

Mwanafunzi naye analipa. Mwaka 2017 serikali ilibadili utaratibu wa ufadhili, na fedha iliyokuwa ikitolewa kama msaada ikawa mkopo wa kurejeshwa mhitimu akishapata kazi. Wanafunzi waligoma na baadhi yao walikamatwa. Hatimaye mkopo ukabaki. Maana yake ni kwamba kijana huyo anaondoka chuoni akiwa na deni, lakini kadi yake ya chuo inakufa siku anapomaliza masomo. Deni lina umri mrefu kuliko haki ya kukaa kwenye kiti alichokilipia! Yule mwanafunzi wangu wa zamani akimaliza mwakani, ataungana nami nje ya geti.

Geti lina historia yake

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Wanaofunga milango si watu wabaya, na geti la chuo katika nchi yetu halikuwekwa kwa mchezo. Usiku wa Juni 11 kuamkia Juni 12, mwaka 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga. Aliyepoteza ndugu usiku ule hawezi kuambiwa kirahisi kwamba mlango uachwe wazi kwa kila mpita njia.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba geti halikuwaokoa vijana wale. Hatari ilikuwa imekwisha kuingia ndani. Na tukumbuke pia kwamba geti linaweza kumgeukia hata mwenye kadi. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu yalipoanza, chuo kilifungwa na wanafunzi wa mabweni wakatakiwa kuondoka. Mamia wasio na pa kwenda walipiga kambi kando ya ubalozi wa Marekani hapa mjini. Mwezi Juni, polisi walipokuja kuwaondoa, wengi walijipenyeza chini ya geti la ubalozi huo wakitafuta usalama. Vijana wa Kirundi, waliofungiwa malazi ya umma ya nchi yao, wakatambaa chini ya geti la wageni. Picha hiyo ilinikumbusha foleni za vibali vya Ulyankulu.

Viwanja navyo vina hadithi inayofanana. Machi 2014, baada ya mapambano kati ya polisi na wafuasi wa chama cha MSD, uongozi wa jiji ulipiga marufuku kukimbia kwa makundi barabarani na kuwaelekeza watu kwenye viwanja maalumu. Ukimwambia mtu aende uwanjani, basi hakikisha uwanja hauna kufuli.

Wenzetu wanafanyaje?

Kule Nairobi, maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, hadi mlango ulipofunguliwa kwa wote enzi ya ukoloni ikielekea ukingoni. Leo hakuna anayejivunia ubaguzi ule. Uganda, maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa na haki kisheria tangu 1958 ya kupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, hivyo inatunza kumbukumbu za taifa zima. Marekani, maktaba inayopokea machapisho ya serikali ya shirikisho chini ya mpango maalumu, hata ikiwa ya chuo, inabanwa na sheria kumruhusu mwananchi yeyote kuyasoma bure. Mantiki ni nyepesi: kilichogharimiwa na umma kisomwe na umma.

Sisemi maktaba zetu zigeuzwe soko. Viti ni vichache, vitabu ni vichache zaidi, na mwanafunzi mwenye mtihani kesho apewe nafasi ya kwanza. Lakini kati ya kufungua kila kitu na kufunga kila kitu kuna njia ya kati, nayo haihitaji mamilioni.

Kwanza, iwepo kadi ya msomaji wa nje kwa walimu, wahitimu na watafiti, kwa ada ndogo, ikiruhusu kusoma ndani bila kuazima. Pili, zitengwe saa maalumu, hasa Jumamosi na wakati wa likizo, ambapo meza nyingi huwa tupu. Tatu, mgeni aache karangamuntu getini na jina lake liandikwe daftarini, kama yule mama wa Tabora alivyofanya, ili usalama uzingatiwe. Nne, viwanja vya michezo vya vyuo na shule za umma vifunguliwe kwa watoto wa mtaa siku ambazo havitumiki, chini ya msimamizi. Tano, masharti yabandikwe getini kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, ili raia ajue haki yake na zamu asibebe lawama isiyo yake.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliye ndani ya maktaba hawaoni vijana ninaowaona mimi jioni, wakisoma chini ya taa za vituo vya mafuta, daftari magotini na mbu miguuni. Wengi wao hawatafika chuo kikuu. Wazazi wao wanakilipia hata hivyo, kila wanaponunua sabuni.

Jumatatu ile niliingia darasani bila kamusi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza asili ya neno fulani, nikamjibu kwamba sijui, nitatafuta. Bado ananidai jibu, na kitabu chenye jibu lake kiko kilomita chache kutoka hapa.