Dawa ya kupe yaweza kupandisha sukari ya mtu

MFUGAJI wa Magunga, kule Suba Kusini katika Kaunti ya Homa Bay, hana budi kupigana na kupe mwaka mzima, la sivyo ndigana itammalizia ng'ombe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwenye majosho ya umma. Lakini katika miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipopunguza mkono wake, majosho mengi nchini yalikufa, na wafugaji wakaanza kununua dawa dukani na kunyunyizia mifugo wenyewe kwa bomba la mkono. Hivyo dawa iliyokuwa joshoni sasa imo nyumbani, pengine chini ya kitanda ambapo mtoto anaifikia.

Mojawapo ya dawa hizo ni amitrazi, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza huko Uingereza na kampuni ya Boots mwaka 1969. Wengi wanajua kwamba ni sumu. Ni wachache wanaojua kwamba mtu akiinywa, sukari katika damu yake yaweza kupanda kama ya mgonjwa wa kisukari. Msomaji atauliza: dawa ya kupe na sukari ya damu, wapi na wapi?

Ufunguo mmoja, kufuli mbili

Viumbe hutumia kemikali ndogo ndogo kupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Kundi moja la kemikali hizo huitwa monoamini. Humo mna adrenalini na ndugu yake noradrenalini, na pia serotonini, dopamini na oktopamini. Sisi na ng'ombe wetu tunaposhtuka, adrenalini ndiyo inayofanya moyo uende mbio. Kwa kupe na wadudu, kazi kama hiyo hufanywa na oktopamini, ambayo katika miili yetu imo kwa kiasi kidogo sana.

Amitrazi hujifanya oktopamini. Kupe akiipata huchanganyikiwa, hushindwa kung'ang'ania ngozi, kisha huanguka. Lakini ufunguo huo huingia pia katika kufuli jingine, yaani kipokezi cha adrenalini kiitwacho alfa-2. Kipokezi hiki kimo katika ubongo, katika mishipa ya damu, na katika kongosho la wanyama wanaonyonyesha, binadamu akiwemo.

Ng'ombe hudhurika kwa nadra kwa sababu dawa huchanganywa na maji mengi, hupakwa nje ya ngozi, na mwili wake ni mkubwa. Mtoto anayebugia dawa isiyochanganywa hana kinga hiyo.

Ndani ya kongosho

Kongosho lina visiwa vidogo vya chembe ambavyo Paul Langerhans, daktari Mjerumani, alivieleza mwaka 1869. Humo mna chembe za beta, zinazotengeneza insulini. Ukila ugali, sukari hupanda katika damu na kuingia katika chembe hizo. Kalisiamu nayo huingia, na vifuko vya insulini hufunguka na kumwagwa katika damu.

Adrenalini inapogusa kipokezi cha alfa-2, mlango huo hufungwa. Sukari ipo, lakini insulini haitoki ipasavyo. Mwili una sababu yake: wakati wa hatari, sukari inatakiwa ibaki katika damu ili itumike upesi. Ndiyo maana malaria, jeraha au hofu kubwa huweza kumpandishia sukari mwenye kisukari hata kama hajatia kitu mdomoni. Mgonjwa anayejidunga insulini asiiache eti kwa sababu anaumwa na hana hamu ya chakula. Apime sukari na amwone daktari.

Amitrazi hufunga mlango huo huo. Hilo limeonekana katika chembe za panya maabarani, katika mbwa, na katika watu waliokunywa dawa hiyo. Zailazini, dawa ambayo madaktari wa mifugo humdunga ng'ombe ili atulie, hupitia kipokezi hicho hicho, na sukari ya ng'ombe hupanda.

Je, panya ni sawa na mtu?

Si katika kila jambo. Katika panya wa maabara, neva hufika hadi kwenye chembe zenyewe za kongosho. Katika binadamu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ndani ya visiwa hivyo neva nyingi huishia kwenye mishipa ya damu. Serotonini nayo imo kwa wingi katika chembe za beta za wanyama fulani, na katika wengine ni kidogo. Kwa hiyo, habari kwamba dawa fulani imeponya kisukari cha panya isikufanye utupe vidonge vyako. Lakini kufuli la alfa-2 tunalo sote, na ndiyo sababu dawa ya mifugo hutugusa sisi pia.

Dalili na la kufanya

Aliyekunywa amitrazi husinzia au kupoteza fahamu, moyo huenda polepole, presha hushuka, mwili hupoa, na mboni za macho mara nyingi huwa ndogo. Hapo pana mtego. Anayeona usingizi mzito na sukari ya juu aweza kudhani ni kisukari. Anayeona mboni ndogo na moyo mzito aweza kudhani ni sumu nyingine ya wadudu, ambayo tiba yake ni tofauti.

Kwa hiyo mpelekeni hospitalini mara moja, na mbebe chupa ya dawa pamoja na karatasi yake. Chupa hiyo itamwambia daktari asichoweza kukisia. Msimtapishe, kwani mara nyingi dawa hii huchanganywa na kiyeyushi kinachoweza kuingia mapafuni. Haina dawa maalumu ya kuiondoa kwa binadamu, lakini akisaidiwa kupumua na moyo ukiangaliwa, wengi huamka katika siku 1 au 2, na sukari hurudi chini yenyewe.

Mwenye mifugo, hata ukiwa mjini na ng'ombe wako wako nyumbani kwa wazee, hakikisha dawa imefungiwa kwa kufuli, haijamiminwa katika chupa ya soda, na anayenyunyiza amevaa glavu. Usimnyunyizie farasi, amitrazi huweza kumfunga tumbo hadi afe.