Miguu ya Njia ya Kabambare

Atokaye Kasongo kwenda Kabambare na mzigo wa baisikeli hapandi baisikeli hiyo, bali huisukuma. Hufunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akainama, akatembea kutwa nzima. Bidoni za mawese, magunia ya mchele, chumvi, sabuni: kilo 100 si ajabu, na njia yenyewe yazidi kilomita 100, yenye vilima na matope. Sisi tulioketi barazani huwasalimu wapitao, tukasema, «Poleni na safari.» Lakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza ni nini kinachotendeka ndani ya ile miguu.

Mwaka uliopita kijana wa jirani yangu alikwenda safari hiyo kwa mara ya kwanza, akitafuta ada ya shule ya dada yake. Alirudi Alhamisi jioni, akala, akalala. Ijumaa alitembea kama mzee. Jumamosi hakuweza kuchuchumaa, na Jumapili kanisani alisimama wakati wenzake wote walipopiga magoti. Mama yake akaingiwa na hofu. «Mwalimu,» akaniambia, «kama angaliumia njiani, angalilia njiani. Maumivu yanayokuja baada ya siku mbili yametumwa na mtu.»

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Twafahamu wote kwamba jeraha huuma papo hapo. Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa nilifundisha darasani kwamba uchovu wa namna hiyo waletwa na asidi inayobaki ndani ya misuli. Kumbe asidi ile huondoka mwilini muda mfupi tu baada ya mtu kupumzika, yapata saa moja, basi haiwezi kuwa mwenye kosa siku ya tatu.

Mambo yenyewe ni haya. Msuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba sana, na ndani ya kila uzi mna vipande vidogo vinavyoshikana na kuvutana. Mtu apandapo kilima, msuli wa paja hujikunja huku ukivuta. Ateremkapo, huku akizuia baisikeli isimkimbie, msuli uleule huvutwa na kurefushwa wakati ungali unajikaza. Hapo ndipo vile vipande vinapochanika. Wengi hustaajabu waambiwapo kwamba mteremko huumiza misuli kuliko mpando, maana pumzi hutuambia kinyume chake.

Mchaniko huo ni mdogo mno, hauonekani kwa macho. Hata hivyo mwili hauudharau. Katika saa chache za kwanza chembe nyeupe za damu hufika kuondoa takataka, na baada ya siku moja au mbili hufuata nyingine, ambazo humeza mabaki na kuwaita wajenzi. Maji huingia, msuli huvimba kidogo, na mishipa ya fahamu huwa mikali. Kazi hiyo waganga huiita mchochota. Maumivu hupanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua, na kwa kawaida juma moja likipita yamekwisha. Wale wajenzi ni chembe zilizolala ubavuni mwa kila uzi wa msuli, na mtaalamu Alexander Mauro ndiye aliyezieleza mara ya kwanza, mwaka 1961. Baada ya matengenezo yao msuli huwa mgumu zaidi, hata safari ya pili ikilingana na ya kwanza huuma kidogo tu.

Tena kuna jambo la ajabu. Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen na wenzake walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi kwa muda mrefu wenyewe humwaga katika damu kitu kiitwacho intalukini-6. Baada ya mbio ndefu za marathoni kiasi chake chaweza kupanda mara 100. Kitu hicho hicho huamsha vingine vinavyoutuliza mchochota. Yaani msuli huwasha moto na kuuandalia maji kwa wakati mmoja.

Nilimweleza mama hayo, naye akatulia. Lakini isidhaniwe kwamba kila uvimbe wa miguu ni wa namna hii. David Livingstone, mwaka 1870, alikwama huko huko Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, kwa vidonda vilivyokula miguu yake, akakaa kibandani siku 80. Ule haukuwa uchovu. Naye John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968 akaumia goti, akamaliza mbio akichechemea kwa saa 3 na dakika 25, aliumia kiungo. Maumivu ya misuli huja taratibu, nayo hukamata miguu yote miwili. Goti moja likivimba ghafula, hilo ni neno jingine.

Kijana alirudi njiani mapema mno. Mizigo ilikuwa imeongezwa, naye alikuwa na homa ya malaria. Asipate tena aibu ya kutoweza kupiga magoti, alinunua sokoni vidonge vya maumivu, ibuprofeni na diklofenaki pamoja, akavimeza asubuhi na adhuhuri, na maji akanywa kidogo. Siku ya pili mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Rangi hiyo ni ya msuli wenyewe. Nyuzi zikivunjika kwa wingi kuliko kadiri, kitu chekundu kiitwacho mayoglobini huingia katika damu na kuziba mafigo. Waganga wa London waliyaeleza hayo mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizopigwa mabomu. Vidonge vile navyo hupunguza damu iendayo kwenye mafigo, hasa mtu akiwa na kiu. Wala havikumpa faida aliyoitafuta: wakimbiaji wa mbio za kilomita 160 huko California walipochunguzwa, wale waliomeza ibuprofeni hawakuwa na nafuu ya maumivu, na mchochota katika damu yao ulikuwa mwingi zaidi.

Wenzake walimpakia juu ya baisikeli, baada ya kushusha mawese, wakamfikisha hospitali. Alitiwa serumu siku nne mpaka mkojo ukarudi kuwa mweupe. Mawese aliyoyaacha kijijini yalitunzwa, hata tone halikupotea. Alipumzika miezi miwili, na sasa huondoka na bidoni tatu badala ya sita, chupa ya maji ikining'inia kwenye usukani. Mama yake huitazama ile chupa kwanza, ndipo amuage.